Kwetu Mwaka Huanza Machi

London, 3 Desemba 1661

Dada yangu Damaris,

Pokea salamu za mdogo wako, mzima wa mwili na mwenye hamu ya habari za nyumbani. Natumaini mgongo wa shemeji Giles umepoa, na ng'ombe wote wameingia zizini kabla ya baridi kukaza. Mimi jana nilikula nyama ya kondoo na mkate ambao haukuwa mbaya.

Sasa neno lenyewe. Nimekamatwa. Walikuja Jumatatu ya wiki iliyopita saa mbili asubuhi, mimi nina soksi mguu mmoja tu. Walibeba karatasi zangu zote katika magunia mawili. Mmoja wao aliniomba radhi kwa kuvunja kufuli la sanduku. Sanduku lenyewe halikuwa limefungwa. Niko katika gereza la kando ya mto, chumba cha juu chenye dirisha. Usije. Barabara ni tope tupu na hawatakuruhusu kuniona.

Kila ninachoandika kinasomwa kwanza na karani wa hapa, bwana Sprigg, na majibu yako atayasoma pia. Ni mtu mpole mwenye mafua. Niandikie kama kawaida.

Kosa sijaambiwa, ila naona wanazunguka kwenye kitabu changu na karatasi zangu. Nawe unajua nilichosema humo: kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye amri, na ardhi ikishagawanyika kwa wengi, amri haikubali tena kukaa kwa mtu mmoja, na kwamba mtu asikalie kiti cha uongozi mpaka kiti kishike umbo la makalio yake. Akae miaka mitatu, ainuke, mwingine akae. Kila mkulima wa Marlham analijua hilo kuhusu malisho ya kijiji. Nililiandika kwa nchi nzima, na Mfalme amerudi.

Mdogo wako,
Ambrose Thirlby


Marlham, 20 Desemba 1661

Mdogo wangu Ambrose,

Barua yako imefika jana mikononi mwa mchukuzi, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Mgongo wa Giles umepoa; sasa analia goti. Ng'ombe wote wamo zizini isipokuwa yule mwekundu, ambaye ana msimamo wake. Theluji ilianguka tarehe 9 ikayeyuka tarehe 12.

Nilipomsomea Giles habari zako alisema, "Nilimwambia aandike habari za kondoo. Kondoo hawajamfunga mtu."

"Hukumwambia."

"Basi nilikusudia kumwambia."

Nakutumia soksi jozi tatu, fulana ya sufu na jibini mbili. Bwana Sprigg, kama unasoma, na najua unasoma, jibini kubwa ni la ndugu yangu. Hilo dogo lililofungwa kitambaa cha buluu ni lako. Kwa mafua yako chemsha vitunguu katika maziwa unywe kabla ya kulala. Vinanuka, lakini mafua pia si uturi.

Hapa kwetu hakuna jipya. Tumesafisha nyumba kwa ajili ya Krismasi, na mapema mwezi huu tulioka mkate mara tatu, zaidi ya tunavyoweza kula. Usitie shaka juu yetu.

Dada yako,
Damaris Quennell


London, 9 Januari 1662

Dada yangu,

Jibini limefika. Soksi ninazo miguuni zote kwa pamoja. Bwana Sprigg ananiagiza nikuambie vitunguu vimemsaidia, na kwamba mkewe amemhamishia chumba kingine.

Sasa nimeambiwa kosa langu, na nitakueleza polepole kwa sababu shingo yangu imening'inia hapo.

Kati ya karatasi zangu wamepata moja yenye kanuni ishirini na mbili za kuendesha nchi isiyo na mfalme: mabaraza mawili, kura za siri, viongozi kupishana. Juu yake nimeandika kwa mkono wangu: 8 Februari 1660. Unajua sheria ya msamaha. Yote yaliyoandikwa na kusemwa kabla ya mwisho wa Juni, mwaka ule aliorudi Mfalme, yamesamehewa. Yaliyoandikwa baada ya hapo ni uhaini.

Nilipelekwa mbele ya mabwana watatu wa tume. Mkubwa wao, mwenye sauti ya mtu anayeita mbwa, akaniuliza, "Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na tarehe?"

"Yangu pia."

"Mfalme alirudi Mei mwaka 1660. Februari ya mwaka 1660 ilikuja miezi tisa baadaye. Au wewe una kalenda ya shangazi yako?"

Hapo ndipo nilipoelewa, dada. Kwenu, na kwa mahakama zote za Uingereza, mwaka haubadiliki mpaka tarehe 25 Machi, sikukuu ya Malaika kumpasha Maria habari. Kwa hiyo Februari ni mkia wa mwaka. Mimi tangu niliposoma Leiden, kule Uholanzi, nahesabu kama Waholanzi: mwaka unabadilika siku ya kwanza ya Januari, na Februari ni kichwa chake. Kwa hesabu yangu karatasi ile iliandikwa miezi mitatu kabla ya Mfalme kurudi. Kwa hesabu yao, miezi tisa baada yake. Watu wenye busara huandika miaka yote miwili na mstari katikati. Mimi niliona huo ni woga.

Nikawaeleza. Mkubwa akacheka, akasema, "Kila mhaini anayeletwa hapa sasa atakuwa Mholanzi." Karatasi yenyewe haitaji tukio lolote ambalo lingeonyesha wakati wake, ni kanuni tupu. Karatasi zangu nyingine hazina tarehe kabisa. Na rafiki zangu wa mkahawa wa kahawa, ambao nilibishana nao miaka mitatu, wote wamegundua ghafla kwamba wana shughuli mashambani. Siwalaumu.

Lakini wewe unazo barua zangu za miaka kumi na moja. Kila Januari na kila Februari nilikuandikia, nikaweka mwaka kwa hesabu yangu, na ndani yake mna habari ambazo mtu yeyote anaweza kuzipima: kifo cha baba, mafuriko, ndoa yako. Zitaonyesha kwamba hesabu hii ni mazoea yangu tangu zamani, wala sikuibuni gerezani. Nitumie zote.

Mdogo wako anayekutegemea,
Ambrose


Marlham, 27 Januari 1661

Mdogo wangu Ambrose,

Nimeipata yako. Tunamshukuru Mungu kwa afya yako. Theluji imerudi tangu tarehe 15 na mto Trent umeganda kingoni. Goti la Giles limekuwa magoti. Kondoo mmoja amezaa mapema, mapacha, mmoja amekufa, wa pili tunamlea jikoni ndani ya kapu na anamfuata Giles kama karani.

Barua nitazitafuta. Nyumba ni kubwa na mambo mengi yalihamishwa tuliposafisha.

Vaa fulana ya sufu chini, si juu.

Dada yako,
Damaris


London, 11 Februari 1662

Dada yangu,

Nakusalimu wewe na shemeji na huyo mwanakondoo.

Nimeisoma barua yako mara saba. Nyumba yenu ina vyumba sita. Wewe ni mwanamke anayejua tarehe kila kuku wake alipoanza kutaga. Ukiniambia unatafuta, najua kuna usilotaka kusema, na sitaki kulikisia.

Shauri langu limepangwa tarehe 18 Machi. Nisipokuwa na ushahidi mwingine, watasoma ile tarehe kama wanavyosoma tarehe zote, na baada ya hapo hakuna siku nyingi. Adhabu sitaiandika, unaijua.

Kama barua hazipo, niambie hazipo. Nitalala vizuri zaidi nikijua kuliko nikingoja.

Ambrose


Marlham, 2 Machi 1661

Mdogo wangu mpenzi,

Leo sitaanza na theluji.

Barua zako hazipo. Nilizichoma. Habari kwamba umekamatwa ilifika kijijini tarehe 5 Desemba kwa mdomo wa muuza sindano, kabla ya barua yako, naye akasema wanapekua hata nyumba za ndugu. Usiku ule niliwasha tanuri la mkate, nikazitia moja moja, miaka kumi na moja. Kesho yake nikawasha tena kwa zilizobaki, na tena siku ya tatu. Ndiyo ile mikate niliyokuandikia. Nilidhani nakuokoa. Bwana Sprigg, andika hilo ukitaka: mimi Damaris Quennell nilichoma barua za ndugu yangu, hakuna aliyenituma, na hakukuwa na uhaini ndani yake. Kulikuwa na malalamiko juu ya tumbo.

Ulipoziomba, nilishindwa kukuambia kwamba nimekuua kwa mikono yangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikakuandikia habari za magoti.

Sasa sikiliza. Tangu nina miaka kumi na minane naandika daftari. Hakuna mtu anayelijua. Hata Giles anadhani ni hesabu za maziwa. Kila siku naandika tarehe kwa hesabu yetu, hali ya hewa, kazi iliyofanyika, nani kaja, na kila barua iliyofika: ya nani, imeandikwa tarehe ngapi, inasema nini. Zako zote zimo. Na kila Januari nimeandika kwamba umeutangulia mwaka, kwa sababu kila Januari ilinikera.

Nimekaa na madaftari hayo mezani siku nne. Mdogo wangu, humo mna mambo mengine. Kuna majira ya baridi tuliyomzika mtoto wetu Hester. Niliandika mambo ambayo sijamwambia mtu aliye hai, na mtu mmoja hasa. Nikafikiri nikate kurasa hizo. Hatimaye nikamwambia Giles kwamba nina daftari, na kwamba litakwenda London kusomwa na wanaume nisiowajua.

Akauliza, "Lina siri za nchi?"

"Halina."

"Lina zako?"

"Ndiyo."

"Basi kata zako, upeleke zake."

Nikamwambia kitabu kilichokatwa kurasa ni shahidi aliyeng'olewa ulimi. Watasema tumeondoa yasiyotufaa. Akafikiri. Hakuniuliza kuna nini humo. Akatoka kwenda kumtayarisha farasi, na magoti yake yote mawili, akaniambia atayapeleka madaftari mwenyewe mpaka London, maana mchukuzi ni mlevi.

Anaondoka kesho alfajiri. Anayo matatu, yenye Januari tisa. Hayajakatwa hata ukurasa.

Nisamehe tanuri.

Damaris


London, 21 Machi 1662

Dada yangu Damaris,

Salamu zangu safari hii zinatoka chumba cha kukodi juu ya duka la mshona glavu, penye kitasa ambacho nakifungua mwenyewe. Nimekifungua na kukifunga mara kumi na mbili tangu jana. Giles amelala hapa pembeni, anakoroma kama kinu cha kusaga. Barua hii haijasomwa na mtu. Nimeachiwa.

Nikueleze ilivyokuwa, maana Giles atakueleza kwa maneno manne.

Tarehe 18 waliketi wale watatu. Bwana Sprigg aliambiwa asome madaftari kwa sauti. Alianza na Januari ya mwaka 1652 kwa hesabu yenu: "Barua ya Ambrose. Ameandika mwaka 1653. Nadhani baridi imempanda kichwani." Januari iliyofuata: "Barua ya Ambrose. Ametangulia mwaka tena. Ajabu ni kwamba habari zake zote ni za zamani." Ya tatu: "Ambrose, vilevile." Ya nne: "Vilevile. Nguruwe amechinjwa." Kufikia ya sita, mmoja wa mabwana alikuwa ameficha uso nyuma ya leso.

Mkubwa akaniuliza, "Dada yako ana ugonjwa wa tarehe?"

Nikasema, "Ana ugonjwa wa ukweli, bwana, na hauna dawa."

"Na kitabu chako, amekisoma?"

Sprigg akafungua mahali, kabla sijajibu. "Tarehe 6 Machi. Nimeanza kitabu cha Ambrose. Tarehe 7 Machi. Nimekiacha. Mvua."

Hapo walicheka wote, na mlinzi wa mlangoni naye. Dada, nimekosolewa na maaskofu na maprofesa, lakini hakuna aliyenimaliza kwa neno moja kama hilo la mvua. Nilikuwa tayari kulibusu.

Kisha ukaja ule ukurasa ambao hata wewe labda hukuukumbuka. Sprigg alisoma polepole: "Tarehe 22 Februari 1659. Jua hafifu. Barua ya Ambrose, ameiandika tarehe 15 Februari 1660, kwa ukaidi wake. Anasema wiki iliyopita amemaliza kanuni ishirini na mbili za kuendesha nchi, na anajivunia. Anasema pia kahawa inamuumiza tumbo. Aache basi."

Wakaichukua karatasi yangu, wakahesabu kanuni kwa kidole: ishirini na mbili. Wakahesabu siku: tarehe 8, wiki moja kabla ya 15. Wakatazama wino wako, na mstari uliotangulia na uliofuata, hapakuwa na nafasi ya kuchomekea neno. Na mwaka 1659 kwa hesabu yenu, ambayo ndiyo hesabu yao wenyewe, Mfalme alikuwa bado ng'ambo. Mkubwa akasema, "Tuendelee chini. Kuna nini tarehe zinazofuata?"

Sprigg akatazama ukurasa. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu. Akalifunga daftari akasema, "Hapa chini ni habari za ng'ombe tu, bwana."

"Za ng'ombe?"

"Ndiyo, bwana. Nyingi."

Basi. Wakanong'onezana, wakaandika kwamba kosa hilo linaingia katika msamaha, na tarehe 20 nikatoka. Giles alikuwa ananingoja langoni tangu alfajiri, amekaa juu ya jiwe. Nilimkumbatia. Alisema, "Umekonda sana. Twende tukale." Hayo ndiyo maneno manne.

Madaftari anayo yeye, yamefungwa kwa kamba. Mimi sikusoma chochote zaidi ya nilichosikia, nakuapia.

Kuhusu tanuri: hakuna la kusamehe. Ungeyatia madaftari pia, ndipo tungezungumza.

Mdogo wako, mtu huru,
Ambrose


Marlham, 30 Machi 1662

Mdogo wangu Ambrose,

Giles alifika tarehe 27 jioni, ametota, anacheka peke yake. Aliposema "Yuko nje" nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni na ndoo mkononi, maziwa yakamwagika yote, nikayaacha yaende. Sijalala vizuri hivyo tangu Novemba. Kijijini wanasalimu. Kasisi anasema aliomba kila siku. Mkewe anasema kila Jumapili.

Umeapa hukusoma na nakuamini. Sasa nikuambie jambo, kwa kuwa hakuna tena anayetusoma.

Tarehe 28 Februari ile, hatukuwa na habari za ng'ombe. Bwana Sprigg alisoma nilichoandika, akanihurumia, akasema uongo kwa ajili yangu. Nimemtumia jibini kubwa zaidi kuliko lako. Lakini siku ile niliposikia kutoka kwa Giles jinsi alivyolifunga daftari, nilishukuru, kisha baada ya shukrani nikahisi kitu kingine ambacho sikukijua jina. Nikaenda nikachukua kitabu chako. Nimevuka ukurasa ule wa mvua. Nimefika mahali unaposema kwamba mtu anayeishi kwa hisani ya mwenzake si huru, hata kama mwenzake ni malaika na hajawahi kumgusa. Kwa sababu kila asubuhi lazima atazame uso wa malaika ajue ameamkaje. Nilikuwa nadhani unasema juu ya wafalme. Ambrose, mbona hukusema unasema juu ya watu?

Kwa sababu ndivyo nilivyo sasa. Yuko mtu London mwenye mafua anayejua jambo ambalo mume wangu halijui. Ni mtu mwema. Atanyamaza. Na mimi nitaishi kwa kunyamaza kwake.

Nikaona hapana. Jana baada ya chakula cha mchana nilifungua daftari mezani, nikamwambia Giles aketi, nikamsomea ukurasa huo mwanzo hadi mwisho. Unasema kwamba kwa siku tatu baada ya kumzika Hester, Giles hakuingia chumbani mwangu hata mara moja. Kwamba nilimsikia akizungumza na farasi uani kwa sauti ya kawaida. Kwamba nilimchukia, na nilipanga kurudi kwa mama mara njia zitakapokauka, na pembeni niliongeza baadaye kwamba njia zilipokauka palikuwa na kazi nyingi tu, ndiyo sababu sikuondoka.

Nilisoma bila kuinua macho. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake.

Akasema, "Umeandika hali ya hewa?"

"Nimeandika. Baridi kali."

"Umeandika nani alikaa nje ya mlango wako?"

Nikasema sikujua kama kuna mtu alikaa nje ya mlango wangu.

"Siku tatu," akasema. "Sakafuni. Niliogopa kugonga. Asubuhi nilikuwa nakwenda uani nizungumze na farasi ili usikie sauti ya mtu."

Nilimpa kalamu. Giles hajaandika kitu tangu alipotia sahihi siku ya ndoa yetu. Alichukua muda mrefu kama mtu anayelima, ulimi nje, akaandika pembeni mwa ukurasa maneno matatu: *Nilikuwepo. Giles Quennell.* Mwandiko mbaya, wino umemwagika hadi mstari wa chini. Nimeuacha ukauke wenyewe.

Kitanda cha chumba cha juu kimetandikwa. Njoo kabla ya kukata manyoya; mikono haitoshi, na wewe unajua kushika miguu ya kondoo hata kama hujui kitu kingine.

Dada yako,
Damaris